Nilisema Nimeshika

Wivu wa Kapteni Nyamizi Kasanda ulikuwa na adabu zake. Uliamka naye alfajiri, ukavaa naye ovaroli ya rubani, na ukifika kazini ulimsalimia Mwinshehe Pazi kabla ya watu wengine wote. Huwezi kuuona kwa macho. Kila Nyamizi alipotoka likizo alimletea Pazi chupa ya asali ya Tabora, akamchekea, akamsifu mbele ya wakubwa. Lakini kila aliposikia mtu akisema "Pazi ana mkono", roho ilimuuma, ilimuuma hasa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusema hivyo kumhusu yeye. Yeye walimsifu kwa bidii yake tu, si kwa kipaji.

Tena alimtangulia kazini kwa miaka mingi. Ni yeye aliyemfundisha Pazi kuirusha Kozi, ile ndege ya majaribio pale uwanda wa Bahi, ambayo mabawa yake hujikunja kama ya kozi mwenyewe anapomshukia kifaranga. Sasa mwanafunzi amekaa kiti cha kushoto, cha rubani mkuu, na mwalimu amekaa kulia kama msaidizi. Ndiyo dunia.

"Mtumwa wangu," alisema Pazi, walipofika kule juu ambako anga huanza kuwa jeusi mchana kweupe. "Umefunga mkanda? Nyie wapagazi mmezoea kubeba, kubebwa hamkujui."

"Funga wako," alijibu Nyamizi. "Babu zangu walifika pwani na mizigo yao wakawakuta babu zako wanacheza ngoma. Wakarudi kwao, wakaja tena mwaka wa pili, ngoma ni ile ile."

Pazi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Huyu Mzaramo, yule Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara. Mtani wako atakuita mtumwa wake, atakunyofolea samaki sahanini mwako, atakuja msibani kwako ajilaze kaburini agome kutoka mpaka apewe chochote, na wewe huruhusiwi kununa. Anayenunia utani ndiye anayeaibika. Kwa mtu mwenye wivu hii ni ruhusa ya ajabu: Nyamizi aliweza kumwambia Pazi yote yaliyomkaa rohoni, waziwazi, na Pazi akayapokea kwa kicheko na kuomba mengine.

"Haya, nakunja," alisema Pazi, na sasa sauti ilikuwa ya kazi.

Mabawa yakajikunja. Kozi ikainamisha mdomo na kupiga mbizi. Ardhi ya Bahi, iliyokuwa chini kama ngozi kavu iliyoanikwa, ikaanza kukua. Siku hiyo msaada ambao ndege yenyewe humpa rubani ulikuwa umefungwa, maana waliyapima mabawa yenyewe na hawakutaka Kozi iwasaidie kuficha kasoro zake. Kila kitu kilikuwa mikononi mwa mtu.

"Nakunjua," alisema Pazi.

Bawa la kulia likafunguka. La kushoto halikufunguka.

Ndege ikajibiringisha ubavu. Nyamizi aliona ardhi mahali pa anga, kisha anga, kisha ardhi tena. Viganja vyake vilikuwa juu ya usukani wake, kama kanuni inavyomtaka msaidizi, aguse tu bila kukamata. Usukani wa kushoto na wa kulia ni kitu kimoja. Ukisogezwa huu, na ule husogea. Alijaribu kufikiri la kufanya na hakuona kitu. Kichwa kilikuwa cheupe kama sahani iliyooshwa.

"Shika basi, mtumwa wangu," alisema Pazi, meno yamekazana. "Si ulisema unaweza kuliko mimi? Shika."

Ulimi wa Nyamizi ulikuwa umezoea kujibu kabla ya akili. "Nimeshika, we Mzaramo. Nenda kacheze ngoma yako."

Kisha akafumba macho.

Aliyoyajua baada ya hapo aliyajua kwa viganja tu. Usukani ulisogea chini ya mikono yake kama mtoto anayeshikwa mkono na mwalimu kuandika herufi asiyoijua. Ulikwenda kushoto pale ambapo yeye angekwenda kulia. Ulitulia pale ambapo yeye angeuvuta kwa nguvu zake zote. Kulikuwa na kusukuma kidogo, mara mbili, karibu na chini, ambako hakukuelewa na hatakuelewa mpaka anaingia kaburini. Kisha magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena, na vumbi la Bahi likaingia puani.

Pembeni yake Pazi alikuwa anacheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na Nyamizi aliposikia kicheko kile alimchukia kama hajawahi kumchukia mtu.

*

Sauti ya Shahidi huwa haina haraka. Ilisikika kwenye spika za banda la ndege wakati mafundi bado wanakimbilia njia ya kutua wakiwa na mitungi ya kuzimia moto.

"Bawa la kushoto lilikwama. Amri ya ndege ikahamishwa kutoka kwa Kapteni Pazi kwenda kwa Kapteni Kasanda, kwa neno la kutoa, neno la kupokea, na viganja kwenye usukani. Aliyetua ni Kapteni Kasanda. Daraja la kutua: la kwanza."

Zamani rubani aliandika safari zake mwenyewe, kwa mkono wake, na binadamu ni binadamu, wapo waliotia chumvi. Wapo waliojipa safari ambazo hawakuruka na kutua ambako hawakutua. Shahidi aliletwa kukomesha hayo. Ni kitabu cha rubani kisicho na karatasi, kinachokaa ndani ya ndege na kusikiliza. Husikia maneno, hupima viganja na mapigo ya moyo, hujua ni nani aliyekuwa na amri na kwa muda gani. Hahongeki, hasahau, hana ndugu. Leseni yako inamtazama yeye, bima inamtazama yeye, na kiti utakachokalia kesho anakitoa yeye. Rubani wa siku hizi akisema hili na Shahidi akasema lile, watu humwonea rubani huruma.

Mafundi wanawake walipiga vigelegele. Mhandisi Tupokigwe Mwaipopo, mkuu wa majaribio, ambaye wote walimwita Mama Tupo na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikuja anakimbia. Alimkumbatia Nyamizi pale pale chini ya bawa lililokwama.

"Mwanangu," alimwambia sikioni, "kumbe una mkono."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Nyamizi alipaona vizuri, kama mtu aonavyo mlango ulio wazi. Alifungua mdomo na mdomo ukatoa "Asante, Mama." Neno lile alikuwa amelisubiri tangu ujana wake, na lilipofika lilikuwa tamu hata kama lilikuwa la mtu mwingine. Akamtazama Pazi, akitegemea kuona amekunja uso. Pazi alikuwa ameegemea gurudumu, anacheka bado, anampigia makofi pamoja na wengine. Hata kununa hakujui, aliwaza Nyamizi.

*

Pale Bahi kuna msemo: kitabu kabla ya buti. Shahidi hukaa ndani ya ndege, na ndege iliyo majaribioni haiwezi kujitolea ushahidi yenyewe, sawa na mshtakiwa asivyoweza kuwa hakimu wa kesi yake. Kwa hiyo kwenye safari za abiria karatasi ilikwisha kufutwa siku nyingi, ila kwenye safari za majaribio imebaki. Kipo kitabu cha karatasi, kipana, cha jalada la kitambaa, mezani kwenye chumba kidogo nyuma ya banda. Kila rubani huandika kwa wino na kwa mkono wake nani alifanya nini, mwenzake akasaini chini yake, na hakuna anayevua buti mpaka amalize. Wazee waliotunga desturi hiyo walijua kwamba mtu akishavua buti huanza kukumbuka mambo kwa namna inayomfaa.

Mama Tupo aliwakalisha akawawekea kalamu.

"Andikeni," alisema. "Mkiafikiana na Shahidi, rekodi inaingia kwenye leseni na kwenye Kozi jioni hii, na ikishaingia haitoki. Bawa linabadilishwa kifundo. Wiki ijayo tunawachukua wale wagonjwa wa moyo kutoka Ukerewe, na atakayekaa kushoto ni Nyamizi."

"Na tusipoafikiana naye?" aliuliza Pazi.

"Kwa nini msiafikiane naye?"

"Nauliza tu, Mama."

"Basi baraza litakaa. Kozi italala bandani mpaka lijue nani mkweli, Shahidi anatolewa kwenye kila ndege tuliyoiuza, na wagonjwa watakwenda kwa boti." Mama Tupo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnanitisha bure. Andikeni."

Alipotoka, chumba kilikuwa cha joto na miguu ilichemka ndani ya buti. Pazi alikisukuma kitabu kwa Nyamizi.

"Anza wewe," alisema. "Nitaandika kama utakavyoandika."

"Utaandika nini?"

"Kwamba nilikuachia, ukashika, ukatua. Shahidi kashasema. Mimi nani nibishane na Shahidi?"

"Pazi. Unajua aliyetua."

"Najua vizuri sana. Chukua, mtumwa wangu, ni chako." Alisema bila kumtazama, anafutafuta mikono kwenye mapaja ya ovaroli. "Mtani hamwibii mtani."

Nyamizi alihisi uso unamwaka moto. Kumbe ndivyo. Yaani anampa. Anamsukumia kama mtu anayemsogezea mgeni kipande cha nyama ambacho yeye mwenyewe ameshakinai. Angekuwa amegoma, amelia, amepiga meza, Nyamizi angejua la kufanya. Angepigana naye mpaka mwisho na huenda angeshinda. Alitaka kumnyang'anya. Kupewa hakukutaka.

"Unanionea huruma?" aliuliza.

Pazi sasa alimtazama. "Mimi nikuonee wewe huruma? Wewe ndiye uliyenionea mimi."

Dhihaka hiyo, aliwaza Nyamizi. Akasimama, akasema anakwenda kunywa maji, na hakwenda kwenye maji.

*

Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Kozi ilikuwa peke yake bandani, bawa moja limenyooka na jingine limekunjwa ubavuni. Nyamizi alipanda, akakaa kiti cha kushoto, akafunga mlango.

"Kozi," alisema. "Nataka marudio. Toka bawa lilipokwama."

"Ndiyo, Kapteni," ilijibu ndege. Ikiwa chini, Kozi iliweza kumchezea rubani safari yoyote iliyopita kwenye vioo vyake, na usukani ukawa mzito au mwepesi sawasawa na ulivyokuwa hewani. "Nitumie rekodi yako ipi? Ya zamani, au hii mpya inayosubiri kitabu?"

"Tofauti yake nini?"

"Kwa ya zamani, bawa likikwama nitashika pamoja nawe. Kwa mpya nitakuachia vyote."

Hilo Nyamizi alilijua. Alikuwa akilifundisha darasani. Ndege hizi humshika rubani mchanga kama mama anavyomshika kiunoni mtoto anayejifunza kutembea. Kadiri kitabu chake kinavyojaa, ndivyo mkono unavyolegea, kwa sababu mikono miwili inayogombania usukani mmoja imeshaua watu wengi. Ndege ikiambiwa kwamba wewe unajua jambo kuliko yenyewe, inakaa pembeni. Alilifundisha hilo darasani kama sifa. Hakuwahi kuliwaza kama hukumu.

"Tumia mpya," alisema.

Alikuwa na tumaini, tusimfiche. Alikuwa ameuhisi mkono wa Pazi tangu juu mpaka chini, kila msogeo. Kama viganja vimekumbuka, basi angeweza, na kama angeweza, basi si uongo sana. Ni kutangulia kuandika tu jambo ambalo ni kweli kesho.

Vioo vikajaa anga jeusi. Bawa la kulia likafunguka, la kushoto likakataa, na dunia ikageuka. Nyamizi alikwenda kushoto kama alivyokumbuka. Akatulia kama alivyokumbuka. Kisha kulikuja jambo ambalo viganja havikulikumbuka, akalivuta, na ardhi ya Bahi ikaja yote kwa pamoja.

"Safari imekwisha," ilisema Kozi. "Hakuna aliyepona."

"Rudia."

Ikarudia. Akafa juu zaidi kuliko mara ya kwanza. Akarudia tena, akajaribu kusukuma kule kudogo kwa mwishoni, akakufanya mapema mno, na safari ile pua ya ndege ndiyo iliyotangulia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Pazi alikuwa amelifanya jambo hili mara moja tu, bila kujaribu, huku akitania.

"Kozi, nisaidie basi kidogo. Hapo chini tu."

"Huhitaji, Kapteni. Shahidi anasema unajua kuliko mimi."

"Na ukiniona nakwenda kufa?"

"Nitadhani unajua unachofanya."

Ilisema kwa heshima zote. Nyamizi alikaa na mikono mapajani, anakitazama kioo ambacho kilikuwa kimebaki na rangi ya udongo.

Zilikuwepo njia za kupenyea, na alizipitia zote kama mtu anayekagua madirisha ya nyumba ya jirani. Angeweza kusaini kisha siku ya Ukerewe akaumwa tumbo. Angeweza kusaini na kurudi hapa kila mchana mpaka mkono ukajua. Tena bawa lenyewe lingebadilishwa kifundo; nani kasema litakwama mara ya pili? Kusaini kungemgharimu nini, zaidi ya kukaa kimya, na kukaa kimya si ameshakaa?

Ingependeza kusema kwamba aliwafikiria wagonjwa, watu wale wamelala nyuma yake wakiwa na mioyo mibovu, wakimwamini. Aliwafikiria, lakini baadaye. Kilichomwinua kwenye kiti kile ni maneno mawili ya Pazi: ni chako. Akisaini, kila atakapoambiwa ana mkono, mkono wenyewe utakuwa wa Pazi. Atakula sifa kutoka kiganjani mwa Mzaramo yule maisha yake yote, na Pazi atacheka, na hatadai chochote. Hapana. Bora anyimwe na dunia nzima kuliko kupewa na mtu yule mmoja. Wema ungemchelewesha, wivu ulimfikisha mezani upesi.

*

Pazi hakuwepo chumbani aliporudi. Nyamizi aliandika akiwa amesimama, bila kufuta neno:

*Bawa lilipokwama Kapteni Pazi alinitania kwa neno "shika". Nilisema nimeshika. Sikushika. Viganja vyangu viligusa tu, na macho niliyafumba. Aliyetua ni Kapteni Pazi. Shahidi alisikia utani akauona kazi. Nimejaribu marudio kwa mkono wangu na nimeanguka kila mara.*

Akasaini. Mlango ukafunguka na Pazi akaingia na vikombe viwili vya chai. Aliviweka, akakigeuza kitabu upande wake, akasoma.

Nyamizi alisubiri kicheko. Alikuwa ameshaandaa jibu la kukipiga, jibu zuri, lenye ngoma na minazi ndani yake. Kicheko hakikuja. Pazi alisoma mara ya pili, kidole kikifuata mistari kama mtu anayejifunza kusoma.

"Umeandika nini hapa?" aliuliza.

"Kweli."

"Hukushika?"

"Pazi, usinichoshe. Ulikuwa unatania, nami nikakujibu utani."

"Sikuwa natania," alisema Pazi.

Alikaa chini. Alianza kufungua kamba za buti kabla hajaandika neno, jambo ambalo pale Bahi halijawahi kufanywa na mtu yeyote, na Nyamizi alimwacha.

"Bawa lilipogoma niliishiwa," alisema Pazi. "Nilikuwa naomba. Nilikwambia shika nikiwa na maana ya shika. Hilo la mtumwa wangu lilitoka lenyewe tu. Mimi na wewe hatuna namna nyingine ya kusemezana. Ukasema umeshika. Nikahisi viganja vyako kwenye usukani, nikasema alhamdulillahi, dada huyu ameichukua. Moyo ukatulia. Nikaiacha mikono ifuate yako mpaka chini."

"Mimi ndiye niliyekuwa nafuata yako," alisema Nyamizi taratibu.

"Mimi sikutua. Nilidhani ni wewe." Sauti ya Pazi ilikuwa imekauka. "Kwa nini unafikiri nimecheka vile? Nilikuwa nimefufuka. Nikakwambia ni chako kwa sababu nilijua ni chako. Siku zote nimejua wewe ndiye unayeweza. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Miaka yote ile Nyamizi alikuwa amesimama chini ya dirisha la mtu akimwonea kijicho kwa taa iliyowaka ndani, na mwenye nyumba alikuwa anamtazama yeye. Angetakiwa afurahi. Alijipekua aione furaha, akaona kwamba jambo moja tu ndilo lililobadilika: Pazi aliishusha ndege ile na hata hakujua kwamba anaishusha. Mkono wake ulikuwa mkubwa kiasi cha kutomhitaji mwenyewe.

Mama Tupo aligonga mlango, akaingia, akakisoma kitabu juu ya bega la Pazi. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu, "Na wewe, Pazi, unaafiki?" Pazi alitikisa kichwa kukubali, na mama yule akavua miwani akajifuta macho.

"Haya. Baraza litakaa, litasikiliza kanda, litaona," alisema. "Wagonjwa watatusubiri. Lakini baraza likimaliza, kutua huku kutaandikwa jina lako, Pazi. Kozi itakuachia vyote, na wewe ndiye utakayekwenda Ukerewe. Hakuna mwingine." Akatoka kwenda kupiga simu, na mlango ukajifunga polepole nyuma yake.

Chai ilikuwa imepoa. Pazi aligeuka, buti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Kwa hiyo kule juu," alisema, "nilikuwa peke yangu."

Hakusema kama swali, lakini alisubiri. Nyamizi alimwelewa kabisa. Mikono ile ilifanya kazi kwa kuwa iliamini kuna mwingine ameshika; ikishajua kwamba hakuna, nani angeapa kwamba itaweza tena? Mtu mwenye huruma angeweza kumwachia tundu dogo la kuvutia pumzi. Angemwambia, nilikuwa nakusukuma kidogo pale mwishoni. Kitabu kimeshaandikwa, sheria imeshatimia, neno hilo dogo lisingemdhuru yeyote, na huenda siku moja lingeokoa ndege nzima. Lilikuwa tayari ulimini.

"Peke yako," alisema.

Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa tamu mdomoni kupita kiasi. Alipomwona Pazi anaiinua mikono na kuitazama kama mali ya mtu mwingine aliyoachiwa aitunze, ndipo Nyamizi alipojua kwamba hakuisema kwa ajili ya kweli.